Maktaba na Darasa la Mtandaoni: Mwanafunzi wa Manyoni Asiachwe Mlangoni

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wapo waamini katika parokia za Manyoni, Itigi na vijiji vinavyozizunguka wanaojiunga na vyuo vikuu bila kuhama makazi yao. Ni walimu, wauguzi, watendaji na makatekista wanaotafuta shahada huku wakiendelea na kazi, malezi ya watoto na kilimo cha alizeti. Darasa lao limo ndani ya simu ya mkononi. Tunaona vema kulitazama kwa makini swali ambalo halisemwi sana: je, mwanafunzi huyu anapoingia katika darasa la mtandaoni, anaikuta humo na maktaba? Tunavyoona sisi, mara nyingi haikuti, ingawa ada yake imesaidia kuigharimia. Na dawa ya kasoro hiyo ipo karibu zaidi ya inavyodhaniwa.

Itakumbukwa kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kwa shabaha ya kumfikia mtu mzima pale alipo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wake alitegemea vitini vilivyochapishwa, akavisoma nyumbani, kisha akasafiri hadi kituo cha mkoa kwa ajili ya mitihani. Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni zaidi ya kilomita 100. Si safari ya kwenda kuazima kitabu jioni na kurudi. Kwa upande wa Kanisa, Maaskofu Katoliki wa Tanzania walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) mwaka 1998, kutokana na taasisi ya Nyegezi, Mwanza, iliyokuwapo tangu mwaka 1960. Na jirani zetu wa Tabora, tunaounganishwa nao na Reli ya Kati, wana chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo.

Mwezi Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, na hata vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, kila chuo kilitambua uzito wa kuwa na mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Unaotumika zaidi katika vyuo vyetu ni Moodle, uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni aliishi jangwani na kupata masomo yake kwa redio kwa kuwa shule ilikuwa mbali. Mfumo huo hutolewa bure. Ndani yake mwanafunzi hukuta mada za wiki, kazi za kufanya, majadiliano na alama zake.

Maktaba nazo zimepiga hatua. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya kuketi watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hazina ya maktaba ya leo haipo tena kwenye rafu. Kupitia mpango wa kimataifa wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani na baadaye kupanuka hadi kilimo, mazingira na sheria, taasisi za nchi kama Tanzania hupata maelfu ya majarida na vitabu bila malipo. Aidha, vyuo vyetu vina muungano wao wa maktaba, COTUL, unaoviwezesha kuchangia gharama za machapisho mengine.

Basi darasa lipo, na hazina ipo. Kinachokosekana ni mlango kati yake. Mifumo hii miwili ilijengwa na idara tofauti kwa nyakati tofauti, kila mmoja ukiwa na anwani yake na nywila yake. Mwanafunzi aliye ndani ya uzio wa chuo haoni tatizo, kwa kuwa wachapishaji wa majarida huutambua mtandao wa chuo na kumfungulia bila kumwuliza. Aliye Manyoni, anayetumia bando la simu yake, huonekana kuwa mgeni. Ukurasa humtaka alipe dola kadhaa kwa makala moja ambayo chuo chake kimekwisha kumpatia. Mwenye haki ya kuingia hubaki nje, na pengine haelewi hata kwamba haki hiyo anayo.

Matokeo yake tunayafahamu. Mwanafunzi hujifunga kwenye kitini cha mhadhiri na kukifanya kitabu pekee. Mwingine huenda kwenye duka la steshenari kutoa kopi ya utafiti wa mtu aliyemtangulia. Wengine huchukua majibu ya haraka kutoka mtandaoni bila kuweza kuyapima. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu, maana mtu aliyenyimwa kisima hunywa maji ya dimbwini. Lakini mwalimu aliyehitimu bila kujua kutafuta na kupima maarifa ndiye atakayewafundisha watoto wetu. Na muuguzi aliyezoea kukariri kitini ndiye atakayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa miaka kumi baadaye, wakati maelekezo ya tiba yamekwisha kubadilika.

Kuiunganisha maktaba na darasa kuna maana gani kwa vitendo? Kwanza, mwanafunzi ajitambulishe mara moja tu. Nywila inayomfungulia kozi imfungulie na maktaba. Ipo kanuni ya kiufundi inayokubalika duniani, iitwayo LTI, inayowezesha programu moja kufunguka ndani ya nyingine pasipo kumwuliza mtumiaji upya. Pili, kila mada ya wiki iwe na orodha ya kusoma yenye viungo vinavyopitia lango la chuo, ili makala ifunguke kwa aliye Itigi kama inavyofunguka kwa aliye Mwanza. Tatu, na hili ndilo kubwa, mkutubi wa fani husika aandikwe katika kozi pamoja na mhadhiri, aonekane kwa jina, ajibu maswali na kufundisha namna ya kutafuta. Nne, machapisho yachaguliwe kwa kumfikiria mwenye simu na bando dogo: faili jepesi, linaloweza kupakuliwa usiku na kusomwa bila mtandao.

Wapo watakaosema kwamba haya yanahitaji fedha nyingi. Tunaheshimu hoja hiyo, hasa kwa vyuo vya Kanisa vinavyoishi kwa ada. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mradi wa mageuzi ya elimu ya juu, HEET, umeelekezwa hasa kwenye vyuo vya umma. Hata hivyo, Moodle ni bure. Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika Nyuzilandi mwaka 2000 na ambayo baadhi ya vyuo vyetu vinaitumia, nayo ni bure. Gharama iliyobaki ni ya watu: fundi wa TEHAMA, mkutubi na mhadhiri kukaa meza moja kabla ya muhula kuanza. Majengo na kompyuta, hata vikiwa vingi, havitamfikia mwanafunzi wa Manyoni endapo watu hao watatu hawazungumzi.

Kuna pia tahadhari mbili za haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda jasho la mwandishi. Kwa hiyo kuweka kiungo cha makala iliyolipiwa ni njia nyoofu kuliko kunakili kitabu kizima na kukipandisha darasani. Vilevile, mifumo ikiungana, chuo kinaweza kuona nani alisoma nini na saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa kama hizo zikusanywe kwa kusudi linalojulikana. Mwanafunzi aelezwe wazi kinachohifadhiwa, na usomaji wake usigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Katiba ya Kitume Ex corde Ecclesiae ya mwaka 1990, alikieleza chuo kikuu katoliki kuwa jumuiya inayoutafuta ukweli kwa pamoja. Ikiwa ni jumuiya, basi aliye mbali ni mwanajumuiya kamili, na meza ya maarifa haiwezi kuandaliwa kwa wale tu wanaoishi bwenini. Tunavitumaini vyuo vyetu kuwa vya kwanza kulitendea kazi jambo hili, kwa sababu ya utume wao, hata pale ambapo hakuna agizo linalowalazimu.

Nasi parokiani tunayo sehemu yetu. Parokia nyingi zina ukumbi unaokaa mtupu siku za juma. Umeme wa uhakika, mtandao wa kuchangia, kompyuta moja au mbili na saa za utulivu jioni vinatosha kuufanya ukumbi huo kuwa chumba cha kusomea, kikiwa wazi kwa kila mwanafunzi bila kuuliza dini yake. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinaweza kuwatambua wanafunzi walio kati yao na kuwakutanisha, maana anayejua njia ya kuingia maktaba ya chuo atamwonesha asiyejua. Hospitali na vituo vya afya vya Kanisa, navyo, viulize kama vimejisajili katika Research4Life, kwa kuwa mpango huo hauwahusu wanafunzi wa vyuo peke yao.

Kwa wanafunzi wenyewe tunatoa wito mmoja wa kufanyiwa kazi juma hili. Mwandikie mkutubi wa chuo chako. Mwulize unaingiaje katika maktaba ukiwa nje ya chuo, nywila yake ni ipi, na ni machapisho gani yanahusu kozi yako. Wala usione haya kuuliza, kwa maana huduma hiyo ni haki yako. Wakiuliza wengi, chuo kitaona kwamba mlango huo una watu wanaousubiri, nacho kitaufungua.