Mkanda mweusi hauhesabiwi kwa miaka

Mzazi anayemwandikisha mwanawe karate au taekwondo huuliza mapema: atavaa mkanda mweusi baada ya muda gani? Mwalimu anayejibu kwa kutaja miaka mitatu au minne, bila masharti, anauza kitu ambacho hana uwezo wa kukiahidi. Kano Jigoro alianzisha Kodokan, chuo chake cha judo mjini Tokyo, mwaka 1882, na mwaka uliofuata tu akawapa Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro daraja la kwanza la dan, ngazi ambayo leo huvaliwa mkanda mweusi. Leo, katika jujitsu ya Brazil, shirikisho la IBJJF kwa kawaida humtaka mtu mzima akae angalau miaka 2 na mkanda wa bluu, mwaka 1 na nusu na wa zambarau, kisha mwaka 1 na wa kahawia. Wengi huufikia mweusi baada ya miaka kama 10. Mwaka mmoja kwa hao, kumi kwa hawa. Muda peke yake, basi, hautuambii uwezo wa aliyevaa. Kinachotuambia ni jinsi alivyopimwa. Kodokan yenyewe ina shindano la Kohaku, lililoanza 1884, ambamo anayewaangusha wapinzani kadhaa mfululizo hupandishwa daraja papo hapo.

Watasema watoto hukata tamaa wasipoona hatua. Ni kweli, na kazi ya kuonyesha hatua inafanywa na mikanda ya rangi, ambayo Kawaishi Mikonosuke, aliyefundisha judo Paris kuanzia miaka ya 1930, alichangia sana kuieneza Ulaya. Mtoto apewe njano, apewe kijani, afurahi, hakuna anayedhurika. Madhara huanza pale mweusi unapotolewa kwa mahudhurio na ada ya mtihani, kwa sababu kijana aliyeupata hivyo ataamini anaweza kujilinda siku atakapovamiwa. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo huko Korea Kusini, imeliona hilo: aliye chini ya miaka 15 hupewa poom badala ya dan, na mkanda wake ni nusu mwekundu, nusu mweusi. Hata baada ya hapo safari hurefuka, kwani kutoka dan ya 1 hadi ya 2 ni mwaka 1 angalau, kwenda ya 3 ni miaka 2, kwenda ya 4 ni 3.

Wapo pia wenye vipaji. BJ Penn wa Hawaii alitwaa ubingwa wa dunia wa mikanda myeusi mwaka 2000, baada ya miaka isiyofika minne ya jujitsu. Lakini yeye aliwashinda watu waliokuwa wakipambana kweli kumzuia, na kasi yake haiwezi kuwa ratiba ya darasa zima. Mzazi aiulize klabu mambo mawili: wanafunzi hupambana na mpinzani anayekataa kushindwa mara ngapi kwa wiki, na katika mtihani uliopita, wangapi walifeli?