MAONI: Ukimkata fundi bei, ujue umekata na kazi

Kuna mchezo tunaoupenda sana sisi vijana wa Nairobi. Unaingia karakana ya jua kali pale Kariobangi Light Industries, au Kirinyaga Road ambako wazee bado wanaita Grogan. Unamwonyesha fundi picha kwa simu, anakutajia bei, nawe unashika kichwa kana kwamba umeibiwa. "Fundi, si hicho ni kipande tu cha chuma? Tufanye nusu." Anacheka, unacheka, mnakutana katikati. Unatoka hapo ukijiona mjanja.

Leo nataka nikuharibie huo ujanja. Msimamo wangu ni huu: bei ya kifaa cha kuundwa si bei ya chuma, ni bei ya hatua. Ukikata bei, fundi hapunguzi faida yake peke yake. Anapunguza hatua, na hutajua ni ipi hadi injini yenyewe ikuambie.

Chukua mfano mmoja tu, manifoldi ya ekzosi. Hiyo ndiyo sehemu inayofungwa ubavuni mwa silinda hedi, inapokea moshi wa kila silinda na kuupeleka kwa bomba moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, lakini likishafika hapa linazeeka nasi, mashimo ya barabara na jam zote. Siku manifoldi inapopasuka unazunguka maduka ya spea na kila mahali ni "hiyo haiko, boss". Au labda umebadilisha injini, au unataka kuongeza tabo, na hakuna kiwanda kilichowahi kuunda manifoldi ya mchanganyiko wako. Hapo sasa lazima iundwe.

Fuata kazi yenyewe. Fundi anatumia gasketi kama ramani. Anachora mashimo yake juu ya bamba la chuma lenye unene wa milimita 10 hivi, anakata, anatoboa. Kisha anakata mabomba kwa pembe na kuyaunganisha yapite mbali na waya na mpira. Mpaka hapo hata wewe unaweza kufuata, na ndiyo sababu unadhani unajua bei.

Utaalamu unaanza kwa kuchomelea. Chuma kilichochomelewa kikipoa hujikunja. Kila mshono unavuta bamba upande wake, na bamba lililokuwa bapa asubuhi linakuwa na umbo la ndizi kufikia jioni. Kwa hivyo fundi anayejua kazi halichomelei likiwa limelala tu kwa meza. Analifunga kwa bolti kwenye silinda hedi kuukuu au kwenye kipande kizito cha chuma. Anashikiza mabomba kwa nukta nukta kwanza. Halafu anachomelea kidogo bomba hili, anaruka lile la mwisho, anarudi katikati, ili joto lisijikusanye mahali pamoja. Akimaliza haharakishi kufungua. Anaacha lipoe.

Hata baada ya hayo yote bamba linaweza kujikunja kidogo. Kwa hivyo linapelekwa kwa mashine ya kusawazisha uso wa chuma, ambayo mara nyingi iko karakana ya jirani na inalipiwa kivyake. Likirudi, fundi analaza rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kuangalia mwanga. Karatasi ya daftari lako ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiwa nafasi ya kiasi hicho inapitisha karatasi, usishangae ikipitisha moshi pia.

Halafu kuna mashimo ya bolti. Bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 40, likipanda joto kwa nyuzi 500, hurefuka kwa zaidi ya milimita 2. Injini ikifanya kazi sawasawa, joto hilo ni la kawaida kwa manifoldi. Sasa kama mashimo yote yamebana bolti kabisa, bamba litaenda wapi? Litajikunja, litapasua mshono au litakata bolti. Fundi mzuri anayaacha mashimo ya katikati yabane na kuyapanua kidogo yale ya pembeni, chuma kipate pa kutembea. Hilo somo la upanuzi wa vyuma ulilisoma kwenye fizikia, ukajibu swali la mtihani, ukasahau. Mimi niliacha chuo, lakini hakuna ubao ulionielewesha jambo hilo kama mashimo mawili ya pembeni ya manifoldi.

Haya, sasa rudi kwa bei yako. Tuseme ametaja Sh15,000, nawe umembana hadi Sh8,000. Chuma hakikushuka bei kwa sababu wewe una mdomo mtamu. Stima haikushuka. Jamaa wa mashine ya kusawazisha bado anataka pesa yake. Kitu pekee ambacho fundi anaweza kupunguza ni kile usichokiona. Hatafunga bamba kwa hedi kuukuu, maana inakula muda. Hatalipeleka kusawazishwa, atapitisha grinda na kukuambia gasketi itaziba. Mashimo yatabaki jinsi yalivyotobolewa. Badala ya bomba linalofaa atatafuta kipande cha bomba la maji lililopakwa zinki, na zinki huyeyuka kwa nyuzijoto 420 hivi, chini ya joto la moshi wa injini yako. Anayevuta mvuke wa zinki hiyo wakati wa kuchomelea ni yeye, na kijana anayejifunza kazi kando yake. Jioni ni homa na baridi ya mwili. Ujanja wako umelipiwa na mapafu ya mtu mwingine.

Nawe pia utalipa, tena polepole. Manifoldi inayovuja hupiga kelele ya tiki-tiki ukikanyaga mafuta. Hewa ya nje ikipenya kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta ya gari inadhani petroli haitoshi na inaongeza. Kila ukijaza tangi unalipa ile Sh7,000 uliyodhani umeokoa. Baya zaidi ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikipata njia ya kuingia ndani ya gari, inaua. Kumbe bei nusu haikuwa bei nusu.

Najua utaniambia, "Lakini mafundi nao wanatupiga." Kweli, wako. Kuna anayekutajia bei mara tatu akiona viatu vyako, na kuna anayelipwa bei kamili na bado anaruka hatua. Lakini kukata bei hakumtoi huyo mwongo. Kunamfukuza yule mkweli, kwa sababu hawezi kushindana na mtu asiyesawazisha chochote. Tukiendelea hivi tutabaki na wale tunaowalalamikia.

Basi badilisha maswali. Badala ya "mwisho ngapi?", muulize: Utalifunga wapi ukichomelea? Litasawazishwa na nani? Mashimo ya pembeni utayafanya aje? Bomba ni la aina gani? Anayejua atakujibu haraka, na pengine atafurahi kuulizwa. Anayebabaika, shukuru na uondoke. Mwambie agawanye bei: chuma, kuchomelea, mashine, mkono wake. Kama pesa hazitoshi, sema ukweli, mlipe kwa awamu, au subiri mwezi uishe. Siku ya kuchukua, omba rula ilazwe juu ya bamba mbele yako.

Nawe kijana uliye upande ule mwingine wa grinda, usijifiche nyuma ya "hii ni jua kali tu". Mteja akiuliza, mwonyeshe. Mpige picha ya bamba likiwa limefungwa, umtumie. Kama ujuzi wako ni wa mkono na huna karatasi, NITA ina mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu hadi ya kwanza, na unaweza kuifanya bila kurudi kukaa darasani miaka. Karatasi haitasawazisha bamba, lakini itakusaidia kutetea bei yako.

Tunapenda kusema nchi hii haiundi kitu. Si kweli, inaunda kila siku, chini ya mabati, kwa vipimo vya sehemu ya milimita. Tatizo ni kwamba tunataka kazi ya milimita kwa bei ya kilo ya vyuma chakavu. Ukitaka chuma cha kilo, kiko Gikomba, kanunue. Ukitaka manifoldi, lipia hatua zote.