Chumvi, Damu na Sitiari ya Askari

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapotafsiri makala kuhusu kinga ya mwili, hukimbilia sitiari ya askari: kingamwili huvamia, adui huangamia, vita huisha. Sitiari hii ni tamu, ila inapotosha. Ushahidi umo katika uharibifu wa chembe nyekundu za damu.

Mnamo mwaka wa 1898, Jules Bordet, Mbelgiji aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alionyesha kuwa kingamwili peke yake haipasui chembe. Hujibandika tu juu yake, mithili ya alama iliyochorwa kwenye mti utakaokatwa. Mkataji ni kundi jingine la protini, komplementi, ambalo hupoteza uwezo wake likipashwa moto wa nyuzi 56 kwa nusu saa. Na mkataji huyo naye hafui dafu bila chumvi za madini. Kalsiamu hushikanisha sehemu za protini ya kwanza. Ikikosekana, sehemu hizo huachana. Magnesiamu huhitajika baadaye, protini nyingine zinapoungana kuwa kimeng'enya. Ndiyo maana damu iliyotiwa EDTA, kemikali ya chupa za maabara inayoyanasa madini yote mawili, haipasuliwi na komplementi hata kingamwili zikiwa tele.

Chumvi ya kawaida nayo ina usemi. Maabara hutumia takriban gramu 9 kwa lita. Ikizidi mno, mshiko wa kingamwili nyingi hulegea na komplementi huzorota. Ikipunguzwa, huku glisini ikiongezwa ili chembe zisivimbe na kupasuka zenyewe, kingamwili hunata upesi. Wapimaji hutumia mbinu hii kuchunguza iwapo damu ya mtoaji itaoana na ya mgonjwa.

Sasa, ni askari gani huyo anayesimamishwa na uhaba wa kalsiamu?

Wapo watakaodai kuwa msomaji wa kawaida hahitaji undani huu. Dai hilo halina mashiko. Akiambiwa tu kwamba "chumvi huathiri uharibifu wa damu", atawaza chumvi ya mboga, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Huenda akamwongezea au akampunguzia mgonjwa wake chumvi kwenye sahani, ilhali mwili wenyewe hudhibiti viwango vya madini katika damu, na yanayofanyika ndani ya neli ya maabara hayafanyiki mezani. Mfasiri na aandike "chumvi za madini", azitaje kwa majina, kisha aeleze ni nani aliyetia alama na ni nani aliyekata.