Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: Chai ile wakala aliinywa

Ndugu Kamishna,

Nakuandikia kutoka Morogoro mjini, nilipo na duka la vifaa vya ushonaji: nyuzi, zipu, vifungo, bitana na majora machache ya vitenge. Nasema nina duka kwa mazoea tu. Kwa miezi saba sasa nina kuta nne zenye masizi na turubai juu yake. Watu wa zimamoto walisema ni hitilafu ya umeme, waya wa darini uliopita juu ya rafu ya bitana. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mstari mmoja wa karatasi.

Mstari huo uko kwenye fomu ya maombi ya bima. Unauliza, kwa Kiingereza, kama ndani ya jengo kuna kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Penye jibu pameandikwa hapana, kwa Kiingereza vilevile. Mwandiko si wangu. Ni wa wakala, kijana mwenye adabu, aliyefika saa nne asubuhi, akatandika fomu juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuijaza huku tukiongea habari za mvua. Nilimkaribisha chai. Chai hiyo ilichemshwa kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, nyuma ya pazia, hatua nne kutoka alipokaa. Aliusikia ukiwashwa. Aliniuliza hata naujaza kwa nani, kwa kuwa wa nyumbani kwake unaisha upesi. Akamaliza kuandika, akaweka kidole pa kusaini, nikasaini.

Kampuni inasema nilificha jambo la msingi, kwa hiyo mkataba unahesabiwa kama haukuwapo. Mtungi wenyewe ulikutwa mzima, umebabuka rangi tu. Na bima hiyo sikuitafuta mimi. Benki iliyonikopesha ndiyo iliyoitaka kabla ya kutoa hela. Bima imekufa, rejesho liko hai: kila tarehe tano simu inalia.

Mtu mwenye hasira husoma sana, nami nimesoma. Kanuni inayonibana inaitwa nia njema ya hali ya juu: anayekata bima aseme yote anayoyajua, hata asipoulizwa, kwa sababu mtoa bima hakioni anachokikatia. Huzungumzwa kama kwamba iliumbwa kumbana mteja. Basi nikarudi kwenye shina lake, kesi ya Carter na Boehm, London, mwaka 1766. Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza kule Sumatra. Alikata bima dhidi ya ngome hiyo kutekwa na adui kutoka Ulaya. Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyeiandikia bima, akagoma kulipa, akidai Carter hakumwambia jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Jaji Mansfield ndiye aliyeieleza hapo kanuni ya nia njema, na kila wakili wa bima huitaja hadi leo. Kisichotajwa sana ni kwamba Carter alishinda. Mansfield alisema nia njema inawafunga wote wawili, na kwamba mteja hahitaji kumwambia mtoa bima jambo analolijua tayari au analopaswa kulijua. Sasa mtungi ambao mjumbe wako amekunywa chai yake, huujui?

Najua watakavyonijibu. Mwaka 1929 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya watu wa basi, Newsholme, ambayo unaweza kudhani imeandikwa kwa ajili yangu. Wakala aliambiwa ukweli, akaandika sivyo, mteja akasaini. Mahakama ikasema wakala anapojaza fomu ya mteja, kwa kazi hiyo ni mkono wa mteja, na anachokijua hakihesabiki kuwa kampuni inakijua. Lakini sheria ya Uingereza tuliyoirithi ni ile iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya 1929 inaweza kutushawishi, haitufungi. Tukiendelea kuifuata, ni kwa kupenda kwetu.

Na Waingereza wenyewe wameshahama. Sheria yao ya bima ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, iliondoa ule ukali wa zamani: kosa la mteja asiyekusudia kudanganya hupimwa kwa uzito wake, na kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti ambalo kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Mtungi mzima nyuma ya pazia, moto uliotoka darini: huko ningeulizwa kimoja kilihusiana vipi na kingine. Hapa sijaulizwa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wameridhiana wanapokubaliana juu ya kitu kile kile kwa maana ile ile. Nilisaini kurasa sita za Kiingereza cha mahakamani. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji anapaswa kuniambia kwa Kiswahili kwa nini nimeshindwa, ila karatasi iliyofanya nishindwe haikuwa na neno moja la Kiswahili.

Sikuombi uamue shauri langu. Hilo nitalipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wala sisemi makampuni hayaibiwi. Wapo wanaochoma maduka yao wenyewe, na sokoni tunawajua. Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi inayosajili makampuni na mawakala. Fomu ziwe za Kiswahili, na swali liulize kitu chenye jina: una mtungi wa gesi, una jenereta, una mafuta ya taa? Asiyeuliza asije kulalamika kwamba hakuambiwa. Wakala anayejaza fomu kwa mkono wake aandike hivyo chini yake na kusaini, na alichokiona kihesabiwe kuwa kampuni imekiona, kwa sababu kamisheni yake haikutoka kwangu.

Jambo la mwisho ndilo dogo kuliko yote, nalo linaniuma kuliko yote. Bima ya gari naihakiki kwa simu kwenye mfumo wenu, kwa namba tu, nikiwa nimesimama barabarani. Mmefanya kazi nzuri hapo. Lakini fomu niliyoisaini mwenyewe sikuwahi kuachiwa nakala. Niliiona kwa mara ya pili siku ya kukataliwa, mezani kwa mtathmini wa hasara, akiwa ameifunika nusu kwa kiganja. Nimeiomba mara tatu kwa barua. Mara ya mwisho mtu wa mapokezi aliniambia ni mali ya kampuni.

Wako,
Mwenye duka, Morogoro