Tusimsingizie Mungu



Wapendwa Taifa la Mungu, kuna usemi tuliouzoea mno misibani: "Ni mapenzi ya Mungu." Tunautamka mbele ya jeneza la baba wa miaka 50 aliyeangushwa na kiharusi, kisha tunapanda bodaboda kurudi nyumbani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Juma hili tunathubutu kusema: mara nyingine tunamsingizia Mungu.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa amejitakia. Wapo waliojitunza wakaugua, na wapo waliorithi shinikizo la damu au kisukari. Wala hatumhubirii mama anayeamkia jembe na kuteka maji mbali, huyo ametutangulia. Tunajisema sisi tunaokaa kutwa ofisini, dukani na mbele ya televisheni, na kitambi tukakiita baraka.

Msuli unapofanya kazi huchota sukari iliyomo katika damu. Moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu pasipo kujitaabisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha. Asiseme mtu kwamba mazoezi ni anasa ya matajiri: barabara haidai kiingilio.

Wengine hujificha nyuma ya Mtume Paulo, kwa kuwa alimwandikia Timoteo akiuweka uchaji wa Mungu juu ya mazoezi ya mwili. Ni kweli. Lakini kuliweka jambo nafasi ya pili si kulifuta. Tena ni Paulo huyohuyo aliyewafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kanisa la matofali tunalichangia kwa bidii lipakwe rangi. Hekalu la nyama na damu tunaliacha libomoke, kisha tunashangaa.

Na anayelipa gharama ni nani? Ni mke anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha. Ni mtoto ambaye ada yake imegeuka dawa. Upendo kwa jirani unaanzia hapo: kutowatwisha wenzetu mzigo tuliokuwa na uwezo wa kuupunguza.

Nasi mapadre tusijitoe katika lawama hii. Tunawasha gari kwenda jumuiya iliyo nyuma ya kanisa, kisha mimbarini tunahubiri sadaka na kujinyima. Tumetubu, kuanzia juma hili, jumuiya za karibu tutazifikia kwa miguu.

Jumapili ijayo, mwenye afya anayekaa karibu aje Misa akitembea, na watoto wake mkononi. Tusali tupewe afya, lakini miguu tuliyokwisha kupewa tusiiweke akiba.

Tafakari njema, na Mungu awabariki.