Jaketi Lilikuwepo, Nahodha Alilikalia

Tunduma hatuna ziwa. Tuna malori. Hata baada ya Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kufunguliwa Oktoba 2019, sisi na wenzetu wa Nakonde upande wa Zambia, foleni haijatuacha kabisa. Alfajiri tingo wanachemsha chai kando ya tairi, madereva wanauliza kama mtandao umerudi, na watu wa makaratasi kama mimi tunaanza kukimbizana na mihuri.

Kazi ya makaratasi ya forodha inamfundisha mtu kuuliza. Mzigo una uzito gani, bima inaisha lini, lakiri iko sawa, dereva ana leseni ya daraja gani. Lori lenye tairi lililolika halifiki mbali bila mtu kulinyooshea kidole. Ndiyo maana naandika leo kuhusu boti, chombo ambacho katika mkoa wetu wa Songwe kinabeba roho za watu na hakiulizwi kitu.

Safari ilipangwa na dereva mmoja rafiki yetu ambaye lori lake lilikuwa limekwama kwa wiki nzima upande wa pili. Alitaka kula magege wa Rukwa waliotoka majini siku hiyohiyo, si wale wanaofika Tunduma wamekwisha kulegea. Tukajikusanya: yeye, fundi wa malori, mwalimu wa sekondari, dada mmoja muuza mitumba, na mimi. Noah ikapatikana. Tukapita Mlowo, tukaiacha lami, tukaanza kushuka bondeni.

Anayetoka Tunduma huvaa sweta asubuhi, hilo halina mjadala. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, na ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa unahisi joto likikupokea kwa mikono miwili. Tulipofika mwaloni masweta yote yalikuwa yamerundikwa kwenye buti na fundi alikuwa ameshamaliza maji yetu ya kunywa. Mwalo wenyewe sitautaja, maana niliyoyaona pale yanaweza kuonekana kwenye mialo mingi ya nchi hii.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu kiasi, yenye injini moja nyuma na mbao za kukalia zilizolowa. Kabla hatujapanda, dada wa mitumba akauliza, "Nahodha, majaketi yako wapi?" Yeye amekulia Kyela, kandoni mwa Ziwa Nyasa, na maji anayajua. Nahodha akatabasamu. "Dada, huku tunamtegemea Mungu na injini." Kundi likacheka. Dereva akamwambia asituletee mambo ya Kyela. Akapanda, akakaa katikati kabisa ya boti, na hakucheka.

Jaketi lilikuwepo, moja, la rangi ya chungwa iliyofifia. Nahodha alilikunja akalikalia, kwa sababu ubao wa nyuma una misumari.

Mambo yalianza vizuri. Upepo ulikuwa mdogo, ndege wamejaa, mwalimu akatuonyesha viboko kwa mbali na akatuomba tuendelee kuwa mbali nao. Kisha boti ikagonga kitu, ikapiga kelele kama mlango wa kontena, ikasimama. Kisiki. Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea: Mto Momba unaingia, Songwe inaingia, Rungwa inaingia kutoka upande mwingine, na maji hayana pa kwenda isipokuwa kupanda hewani kwa jua. Kwa hiyo ziwa hutanuka na kusinyaa. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka kumi baadaye, 1939, lilikuwa limefikia karibu kilomita 130. Likitanuka linameza miti, na shina la mti uliozama halionekani mpaka ulikanyage. Maelezo hayo alitupa mwalimu tukiwa tumekaa juu ya kisiki chenyewe, na kwa haki ya Mungu yalikuwa maelezo mazuri, ila saa haikuwa yake.

Tukajinasua kwa kusukuma na kasia. Kasia lilikuwa moja, nalo likavunjika.

Maji yakaanza kuingia taratibu kwenye maungio ya mbao. Nahodha akatoa kopo la rangi lililokatwa na kumpa dereva, mtu aliyezoea kuendesha tani 30 na kuamrisha tingo. Akawa anachota. Dada wa mitumba akavua kiatu chake cha plastiki akawa anachota nacho. Hatukuzama, boti haikuwa imepasuka kiasi hicho, lakini ukichota maji kwa kiatu katikati ya ziwa unapata muda wa kufikiria maisha yako yote.

Injini ikazima wakati tunageuza kurudi. Petroli ilikuwa ya dumu, na nahodha alihisi ina maji. Fundi wetu akainuka kwa heshima zote. Ni bingwa wa injini za dizeli, hana mpinzani hadi Vwawa, lakini hii ndogo inayochanganyiwa oili kwenye petroli alikuwa anaitazama kama mtoto wa mtu mwingine. Akafungua plagi, akaipuliza, ikamponyoka. Tulisikia sauti yake ikiingia majini, ndogo sana. Ya akiba haikuwepo.

Hapo ndipo upepo ulipoamka. Anayejua Rukwa anajua kwamba kina chake ni kifupi, na ziwa la kina kifupi halina mawimbi marefu ya kukupandisha na kukushusha. Lina mawimbi mafupi, yenye hasira, yanayokuja mengine kabla mengine hayajapita. Yalitusukumia kwenye tope. Tukakwama mahali ambapo maji hayafiki kiunoni. Kwenye ziwa lingine tungeshuka tukasukuma. Rukwa ina mamba, tena wengi, na wenyeji hawatanii juu yao. Tukatazamana. Hakuna aliyeshuka, na sioni kwa nini angeshuka.

Simu hazikuwa na mtandao. Mwalimu, ili kututuliza, akaanza kusimulia kimondo cha Ivuna: jinsi tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilivyoanguka kutoka angani upande huu wa Momba, zito kama gramu 700 tu, na kwamba wanasayansi wa dunia hulitafuta kwa hamu kwa kuwa ni la aina adimu mno, lenye viambato vinavyokaribia vile vya jua lenyewe. Akasema mkoa wetu una bahati: Ivuna kuna hicho, Mbozi kuna kile kikubwa cha tani kadhaa ambacho wageni huja kupiga nacho picha. Dereva, kopo mkononi, akamwambia, "Mwalimu, naomba leo kisianguke kingine."

Wavuvi waliokuwa wanarudi ndio waliotuona. Walitufunga kamba, wakatuvuta hadi nchi kavu, wakaomba hela ya petroli tu. Dereva akatoa pochi: kwacha tupu. Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Dada wa mitumba ndiye aliyelipa, kwa shilingi, na magege aliowala dereva jioni ile aliwachagua yeye.

Hadithi hii huwa naisimulia kijiweni na watu hucheka, na ni haki yao, kwa kuwa wote tulirudi. Lakini toa kitu kimoja tu ndani yake, wale wavuvi, na haitakuwa hadithi ya kijiweni tena. Itakuwa mistari michache redioni: watu kadhaa wahofiwa kufa maji.

Taifa letu lina kumbukumbu ya ajali kubwa. MV Bukoba, Mei 21, 1996. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu na Ukara, watu zaidi ya 220. Baada ya misiba hiyo tulijifunza kuuliza maswali ya meli: imebeba wangapi, nani aliikagua. Boti ndogo imebaki nje ya maswali hayo. Julai 2023 kule Bunda, Ziwa Victoria, mitumbwi miwili iliyobeba waumini waliotoka kanisani ilizama siku moja, na watu zaidi ya kumi wakafa. Huko hakukuwa na meli. Zilikuwa mbao kama zile nilizokalia mimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa maji, na wengi wao ni wa nchi za kipato kama chetu.

Nchi kavu tumepiga hatua. Zamani SUMATRA ilishika barabara na maji pamoja; leo barabara ziko kwa LATRA na vyombo vya majini viko kwa TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Abiria wa basi amejua haki zake. Panda basi la Tunduma kwenda Mbeya, dereva akichochea mwendo kwenye mteremko wa Senjele, sikiliza siti za nyuma zitakavyomshukia. Abiria huyohuyo akiingia kwenye boti anakuwa bubu. Anaona aibu kuuliza asije akaonekana mwoga, au mtu wa mjini, au mwanamke wa Kyela. Barabarani kila mtu anajiona dereva. Majini tunamwachia nahodha kila kitu, pamoja na akili zetu.

Kwa hiyo sitegemei ujasiri wa abiria. Kanuni nzuri ni ile inayomlinda hata mtu mwenye aibu.

Wala siombi faini. Nimeishi mpakani muda wa kutosha kujua faini inavyogeuka kuwa sehemu ya nauli, halafu mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Wala sitaki mvuvi anayevuta nyavu usiku alazimishwe kuvaa kitu kinachomkaba mikono bila yeye kushirikishwa. Hilo lina mjadala wake. Nazungumzia abiria, mtu anayekaa tu: mgonjwa anayevushwa, mama anayekwenda mnadani, mwanafunzi, walaji wa samaki kutoka Tunduma.

Jaketi la abiria lisiwe mali ya boti, kwa sababu mali ya boti hukaliwa. Likae mwaloni, kwenye ofisi ya kikundi cha BMU, ambacho tayari kipo kwa ajili ya kusimamia uvuvi na kinawajua manahodha wote kwa majina na kwa madeni. Abiria alichukue pale, alirudishe pale, na gharama yake iwe ndani ya nauli ili asipate nafasi ya kujadili. Mtu wa BMU asiiachie boti ya abiria bila kasia mbili na plagi ya akiba. Haihitaji mkaguzi kutoka Dodoma kuona kama kasia zipo.

Fedha? Kila samaki anayetoka mwaloni analipiwa ushuru wa halmashauri. Ushuru huo unatoka kwenye maji yaleyale na kwa watu walewale. Sehemu ndogo ya makusanyo ya msimu mmoja ingetosha kununua majaketi ya kuanzia, na kodi ndogo ya kuyavaa ikayalipia yatakayofuata. Nimefanya hesabu za ushuru maisha yangu yote ya kazi. Hii si hesabu ngumu.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo hupita kwa madiwani miezi kadhaa kabla. Madiwani wa kata za bondeni, kuanzia Momba hadi wilaya ya Songwe, ingizeni mstari huo kwenye bajeti. Na ninyi wapiga kura wa mialo, kikao cha kijiji kikiitishwa, mwulizeni diwani wenu kama ameuingiza.