Sio kubeba trei tu, wadau

Najua nimepotea. Tesiti zilinibana, na asainmenti mbili nimezikusanya juzi dakika za mwisho kabisa. Leo nimekaa zangu vimbwetani na kuna kitu kinanikera tangu wiki iliyopita, nakimwaga hapa hapa.

Kisa kilianzia rumuni. Tunakula, mimi nikaropoka kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo wa Mwanza, kamaliza kidato cha sita na anataka kusomea uhudumu wa ndege. Rumu nzima ikaangua kicheko. Jamaa mmoja akanyakua sinia la ubwabwa, akaanza kutembea kwa maringo katikati ya vitanda, "kuku au nyama, bosi?" Tulicheka mpaka wa rumu ya pili wakagonga ukuta. Na mimi nilicheka, sijitoi. Mwanasheria wetu wa mwaka wa tatu akafunga mjadala: bora mtoto asubiri digrii kuliko kwenda kubeba trei angani.

Usiku ule ule mama mdogo akapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, halafu akaja kwenye hoja. "Mwanangu, wewe ndiye uko huko kwa wasomi, niambie ukweli. Hii kozi ni kazi au ni urembo? Maana hela yenyewe ni ya upatu, nikishaitoa haina mwenzake." Akanyamaza kidogo. "Na ile ya Bukoba bado ninayo moyoni."

Mtu wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43. Walitoka hai 24, na wavuvi wakawahi kufika na mitumbwi yao. 19 hawakutoka. Sasa unamjibu nini mama mwenye binti anayetaka kuingia kwenye kazi hiyo? Nikamwomba siku tatu, nikaenda kusoma kama vile kuna mtihani.

Nilichokikuta kimenitia aibu. Kwa taarifa yenu, msosi na vinywaji ni sehemu ndogo ya mafunzo yale. Sehemu kubwa ni moto, moshi, maji, damu na watu waliochanganyikiwa. Wanafundishwa kuzima moto kwenye kibanda kilichojaa moshi. Wanafundishwa kushtua moyo uliosimama, na hata kumzalisha mama mjamzito akishikwa na uchungu huko juu. Wanafundishwa simu ikianza kufuka moshi wafanye nini (ukishaua mwali wa moto, unaimwagia maji ipoe, wengi tungeifunika na blanketi). Wanaingia kwenye dimbwi na nguo zao kujifunza kupanda boti la mpira na kuvuta wenzao. Na milango! Kila aina ya ndege ina mlango wake na namna yake ya kuufungua, kwa hiyo ukihamishiwa ndege nyingine unarudi darasani. Na hata usipohama, mafunzo ya marudio yapo palepale, na ukifeli huruki.

Halafu kuna hesabu ya sekunde 90. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa imefungwa. Airbus A380 ilipojaribiwa Ujerumani mwaka 2006 walitoka watu 873 kwa sekunde 78. Hebu fikirieni ukumbi wa Nkrumah umejaa, giza, nusu ya milango haifunguki, halafu mtoe watu kwa dakika moja na nusu. Sisi kutoka kwenye lekcha tu tunakanyagana.

Kilichonimaliza kabisa ni habari ya Komoro. Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilitekwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazidja. Kati ya watu 175, walipona 50. Baadhi ya waliokufa walikuwa wameokoka kwenye kishindo. Walikuwa wameshajaza hewa majaketi yao ya kuokolea wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawanyanyua mpaka darini, na mlango uko chini. Ile sentensi anayosema mhudumu huku sisi tunachati, kwamba usijaze hewa mpaka uwe umetoka nje, ndiyo hiyo. Mimi nimepanda ndege mara moja tu maishani na nilikuwa natafuta muziki kwenye simu.

Na upande wa pili, 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda kule Tokyo. Ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, ikawaka. Wa ile ndogo watano walifariki, inasikitisha. Lakini kwenye ile kubwa walikuwemo watu 379 na wote walitoka. Milango minane, iliyofaa kutumika ilikuwa mitatu tu. Spika zilikuwa zimekufa, wahudumu wakapiga kelele na vipaza sauti vya mkononi, acheni mabegi, njooni huku. Wale ndio mnaowaita wabeba trei.

Basi siku ya tatu nikaenda Kariakoo na kipeperushi alichotumiwa dogo. Chuo kiko juu ghorofani, jina silitaji. Darasa lina kioo ukuta mzima, toroli moja na meza ya vipodozi. Dada wa mapokezi kanipokea vizuri, akanionyesha ratiba: kutembea, kujipamba, kuongea kwa adabu, maandalizi ya usaili. Nikauliza mlango wa kufanyia mazoezi uko wapi. Akatabasamu. Dimbwi je? "Hayo kaka atafundishwa na shirika akishaajiriwa." Mna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga? "Kiko kwenye mchakato." Ada nayo haikuwa kwenye mchakato, ilikuwa inatakiwa yote kabla ya mwezi kuisha.

Tuwe wakweli, alichosema dada kuhusu shirika kina ukweli ndani yake. Emirates kwa mfano wanaajiri kwanza, wakishakuchukua wanakupeleka chuoni kwao Dubai, na usaili haulipiwi. Wanachotaka ni elimu ya sekondari, Kiingereza cha kueleweka, uzoefu kidogo wa kuhudumia wateja, umri kuanzia miaka 21, na ukisimama kwa vidole mkono ufike sentimita 212. Hiyo 212 nayo watu wanadhani ni mambo ya umiss. Ni ili ufikie vifaa vya dharura vilivyo juu. Sasa kama shirika lenyewe linafundisha bure, hela ya upatu ya mama mdogo inanunua nini pale Kariakoo? Wanja?

Sisemi muonekano hauangaliwi, unaangaliwa sana, na mimi naona mashirika yenyewe yamechangia kutufanya tuione hii kazi kama maonyesho ya mavazi. Wala sisemi vyuo vyote ni vya vioo. NIT pale Mabibo wanafundisha uhudumu wa ndege, na TCAA ndio wenye kazi ya kuidhinisha vyuo vya mambo ya anga, unaenda unauliza, basi. Ninachokataa ni kuuziwa nusu ya kazi, tena ile nusu isiyookoa mtu, kwa bei ya kazi nzima. Na wanaouza wanapata soko kwa sababu yetu. Tukicheka na masinia rumuni, mabinti wanaamini kazi yenyewe ni kutembea vizuri, na mwenye kioo kikubwa anaonekana ndiye mwenye chuo.

Nimempigia mama mdogo, nimemwambia kila kitu, hata ya Komoro. Nilidhani atakataa moja kwa moja. Akauliza swali moja tu: "Kumbe wanatakiwa kujua maji?" Nikamwambia ndiyo. Basi tatizo likawa hapo, manake dogo kakulia karibu na ziwa lakini kuogelea hajui, mama mwenyewe ndiye alikuwa anamchapa akisogea ufukweni.

Hela ya upatu bado iko kwa mama. Kiasi kidogo kimetoka, dogo kaanza kujifunza kuogelea Jumamosi iliyopita kwenye dimbwi la hoteli moja hapo Mwanza, na mama anakaa pembeni na kanga mkononi. Jana kanitumia picha kajipima ukutani na alama ya mkaa: 209. Anasema hapo visigino bado viko chini.